Mtoto asiyefaulu na kazi ya psikologo wa masomo

Katika kila shule yetu yuko mtoto mmoja wa namna hii: ana miaka kumi na miwili, anakaa nyuma kabisa ya kalasi, amerudilia mwaka wa tatu mara mbili, na mwalimu amekwisha kuchoka naye. Mwalimu anasema: ni mvivu. Baba yake anasema: ni mkaidi, apigwe. Bibi yake anasema: kuna mtu aliyemfunga akili. Direkta anasema: aende zake, nafasi yake apewe mwingine. Watu wanne, majibu manne, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mtoto mwenyewe, wala aliyetazama kama macho yake yanaona ubao.

Ndugu wasomaji, juu ya mtoto kama huyu tunataka kueleza hapa kazi ya mtu anayeitwa psikologo wa masomo. Wengi wamekwisha kusikia jina lake, lakini wachache wanajua anafanya nini. Wengine wanadhani ni mganga wa wendawazimu. Wengine wanadhani ni mtu wa karatasi, anayekuja kupima akili za watoto na kuzitia alama kama vile mfanya biashara anavyopima kahawa. Wengine tena, na hawa wako hata katika seminari, wanaogopa kwamba anakuja kushika kazi ya padri. Neno hili linatuhusu sisi kabisa. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya Leta na Makanisa, shule nyingi sana za inchi yetu zinaongozwa na Eklezya Katolika. Fratri wa leo, kesho atatumwa kuwa prefe wa masomo. Katekista mara nyingi ndiye mwalimu mwenyewe, tena ndiye anayejua nyumba za watoto kuliko mtu mwingine yeyote.

Jina psikolojia linatoka katika Kigriki, nalo maana yake ni elimu ya roho. Lakini tusidanganyike na jina. Psikologo hashughuliki na wokovu wa roho. Anatazama jinsi mtu anavyoona, anavyosikia, anavyokumbuka, anavyoogopa, anavyopenda, anavyojifunza. Hayo yote Mungu ameyatia ndani ya mwanadamu, nayo yana taratibu zake, sawasawa na moyo na mapafu yana taratibu zake. Padri hamwonei wivu mganga wa lopitali anayesikiliza mapafu. Hana sababu ya kumwonea wivu psikologo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili wenyewe, katika hati Optatam Totius ya tarehe 28 Oktoba 1965, ulitaka malezi ya seminari yasaidiwe na mambo mapya yaliyovumbuliwa na psikolojia njema na elimu ya ulezi. Siku ile ile hati nyingine, Gravissimum Educationis, ilisema vivyo hivyo juu ya malezi ya watoto wote.

Kazi hii ilianzaje? Mwaka 1896, huko Philadelphia katika Marekani, mwalimu mwanamke mmoja alimpelekea Lightner Witmer, aliyefundisha psikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kijana aliyeshindwa kabisa kuandika maneno bila makosa, ijapokuwa katika mambo mengine hakuwa mjinga. Witmer alimchunguza, akaona ya kuwa shida moja ilikuwa katika macho. Kijana akapewa miwani, kisha akafundishwa tena polepole. Angalieni vizuri: mtoto wa kwanza kabisa katika historia ya kazi hii hakuwa na ugonjwa wa akili. Hakuona vizuri. Hata leo psikologo mwenye busara huanza na macho na masikio, mbele ya kufungua sanduku la majaribio yake.

Mtu wa pili tunayepashwa kumjua ni Alfred Binet, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1857 na kufa mwaka 1911. Katika Ufaransa sheria ya mwaka 1882 ililazimisha watoto wote wasome tangu miaka 6 hata miaka 13. Mara kalasi zikajaa watoto wa kila namna, na walimu wakaona wengi wasioweza kufuata. (Sisi tunaweza kuelewa habari hiyo bila shida: tangu Septemba 2019, masomo ya msingi yalipoanza kutolewa bure kwetu, walimu wangapi walijikuta mbele ya watoto wasiohesabika, watatu juu ya kiti cha watu wawili?) Mwaka 1904 waziri wa masomo aliweka tume itazame watafanya nini na watoto wale. Wengine walitaka kuwatenga katika kalasi zao peke yao. Lakini nani aamue? Mwalimu aliyechoka na mtoto msumbufu atasema ni mpumbavu, kusudi aondolewe. Mzazi mwenye haya atasema mtoto wake ni mwerevu, kusudi jina la nyumba lisiharibike. Binet alitaka njia isiyofuata hasira ya huyu wala haya ya yule. Mwaka 1905, pamoja na mganga Théodore Simon, akatoa mazoezi 30, kutoka rahisi hata magumu: kufuata kwa macho kiberiti kinachowaka, kurudilia tarakimu tatu, kusema tofauti ya inzi na kipepeo, kupanga vitu kufuatana na uzito. Mtoto alipimwa mmoja mmoja, uso kwa uso, kwa upole.

Basi, kazi ya Binet ilianza kama ulinzi wa mtoto. Alitaka kujua ni nani anayehitaji msaada, si ni nani wa kutupwa. Tena mwaka 1909 aliwapinga kwa nguvu wale waliosema kwamba akili ya mtu ni kipimo kisichoongezeka hata kidogo. Yeye alisadiki kwamba kwa mazoezi mtoto anaweza kuongeza uangalifu wake, kumbukumbu yake na hukumu yake. Nyuma ya kifo chake wengine walichukua chombo chake na kukitumia kwa njia nyingine. Mwaka 1916, katika Marekani, Lewis Terman alikitengeneza upya na kueneza ile hesabu moja inayotaka kusema akili yote ya mtu kwa tarakimu. Hesabu ile ilipendwa sana, kwani ni fupi, na watu wenye haraka wanapenda maneno mafupi. Ilitumika hata kuwadharau maskini, wageni na watu weusi.

Hapa Kongo vilevile walikuja watu wenye majaribio. Mmojawapo alikuwa André Ombredane, psikologo wa Chuo Kikuu cha Brussels, aliyefanya kazi hapa katika miaka ya 1950. Jambo moja alilolionyesha linastahili kukumbukwa. Yeye na wenzake waliwapa Asalampasu wa Kasai jaribio la picha zenye rangi, ambamo mtu anatafuta kipande kinachokosekana. Kisha waliwapa watu wale wale jaribio lile lile tena na tena. Matokeo yalipanda. Habari hiyo iliandikwa mwaka 1956. Je, watu wale walipata akili mpya kwa siku chache? Sivyo. Mara ya kwanza walikuwa bado kuelewa mchezo ule wa karatasi unataka nini. Mtu aliyepimwa mara moja tu, kwa chombo kigeni, mbele ya mgeni, hakupimwa akili. Alipimwa ugeni wake.

Tunakaa juu ya neno hili kwa sababu hatari yake haijaisha. Mtoto wa kijijini anaanza kusoma katika lugha ya inchi, kwetu Kiswahili, ambayo labda nayo si lugha ya mama yake. Kisha anapashwa kuvuka na kuingia katika Kifaransa. Akiulizwa kwa Kifaransa na kukaa kimya, mwalimu anaandika: hajui. Huenda anajua sana, lakini anajua kwa Kilega au kwa Mashi. Psikologo wa kweli atamwuliza mara ya pili katika lugha ya nyumbani, mbele ya kuandika neno lolote. Asipofanya hivyo, hata awe na diploma kubwa namna gani, anaharibu kazi.

Huko Ulaya kazi hii ilipata cheo polepole. Mwaka 1913 baraza la mji wa London lilimweka Cyril Burt kuwa psikologo wa shule zake. Mwaka 1915 Arnold Gesell alipewa kazi hiyo katika jimbo la Connecticut, Marekani. Ubelgiji, kwa sheria ya tarehe 1 Aprili 1960, ilipanga nyumba za pekee ambamo psikologo, mwuguzi, mganga na mtumishi wa mambo ya jamaa wanafanya kazi pamoja juu ya mtoto mmoja. Mpango huo tunausifu, kwani mtoto hagawanyiki: tumbo lenye njaa, sikio linalouma na moyo wenye huzuni vinaingia katika kalasi siku moja. Kwetu kazi hii inajulikana zaidi kwa jina la mshauri wa masomo, yule ambaye wanafunzi wanamwita konseye. Vyuo vikuu vya Kisangani na Lubumbashi vina fakulti za psikolojia na elimu ya ulezi, na kila mwaka vijana wanatoka huko. Lakini shule nyingi hazina mtu huyo, na mara nyingi zikiwa naye zinampa kazi ya kuandika alama na kushika fimbo ya nidhamu. Hilo ni kosa. Mtu anayewaadhibu watoto asubuhi hatapata siri zao alasiri.

Sasa tutazame anavyofanya kazi. Tuseme mwalimu wa mwaka wa nne analeta msichana ambaye tangu miezi miwili hasomi tena, analala katika kalasi, na akiulizwa analia. Psikologo hamchukui mara moja kumpima. Kwanza anamsikiliza mwalimu: ilianza lini? saa gani za siku? katika somo lipi? Kisha anaingia kalasini, anakaa nyuma, anatazama bila kusema. Labda anaona kwamba msichana analala saa nne, si saa mbili. Basi anauliza kama amekula. Anaita mama au anaenda nyumbani, na huko anakuta ya kuwa mama amezaa mapacha, na msichana anaamka saa kumi ya usiku kuchota maji. Hapo hakuna ugonjwa. Kuna mzigo mkubwa kuliko mgongo. Dawa ni mazungumzo na wazazi, ni mwalimu kuacha kumwita mvivu mbele ya wenzake, ni somo la hesabu kuwekwa saa anapokuwa macho. Mara nyingine atakuta jambo zito zaidi: mtoto anayepigwa vibaya, au anayeharibiwa na mtu mzima. Mara nyingine atakuta kweli akili iliyochelewa, au kifafa, au mtoto mwenye akili nzuri ambaye herufi tu zinakataa kushikamana machoni pake. Ndipo majaribio yanapofaa, na ndipo anapompeleka kwa mganga, kwani psikologo hatoi vidonge.

Kazi nyingine ni uchaguzi wa njia. Mwisho wa mwaka wa nane kijana anapashwa kuchagua: ualimu, Kilatini na filozofia, biolojia na kemia, biashara, ufundi. Wazazi wanataka mganga au mwanasheria. Kijana anayetengeneza redio za kijiji kizima anatiwa katika Kilatini, anaanguka miaka miwili, anarudi nyumbani akijihesabu mjinga. Mshauri anamwonyesha yeye na baba yake mambo matatu kwa pamoja: anachokipenda, anachokiweza, na kazi inayopatikana. Hawaamulii. Lakini akifanya vizuri baba mwenyewe atasema: basi, aende ufundi.

Juu ya kifafa na mambo yanayofanana nacho tunataka kusema wazi zaidi. Mtoto anayeanguka chini, anayekojoa kitandani akiwa mkubwa, anayesema peke yake, anayekuwa mkali ghafula nyuma ya kifo cha mama, wako watu wanaomwita mlozi. Wako hata wanaojiita watumishi wa Mungu wanaomfungia, wanaomnyima chakula, wanaomtia pilipili machoni ili akiri. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inawaadhibu wanaomsingizia mtoto ulozi. Katekista anayesikia neno hilo likianza katika jamaa asingoje. Aende siku ile ile, amtafute mganga, psikologo kama yuko, na padri. Kwa maana mtoto akikwisha kuitwa hivyo mbele ya watu, kumrudisha nyumbani ni kazi ya miaka.

Na watoto wa vita? Sisi wa mashariki tunawajua. Mwaka 2025 vita viliingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, na masomo yakafungwa. Mtoto aliyeona maiti njiani anaweza kurudi shuleni akiwa kimya, au akiwa na hasira, au akiruka kila mara mlango unapogongwa. Zamani wataalamu wengi walidhani ni vizuri kumfanya asimulie yote mara moja, mbele ya wenzake, kusudi moyo utulie. Leo inajulikana kwamba kumlazimisha hakusaidii, tena kunaweza kudhuru. Kinachosaidia kwanza ni usalama, chakula, jamaa yake kupatikana, na siku kuwa na utaratibu: kengele, sala, somo, mchezo, nyimbo. Anayetaka kusema asikilizwe. Anayenyamaza aachwe, lakini asiachwe peke yake. Walio wengi watapona hivyo polepole. Wale ambao nyuma ya wiki nyingi hawalali bado, hawali, au wanasema afadhali kufa, hao ndio psikologo anapashwa kuwaona mmoja mmoja. Hapo mwalimu mwema aliyefungua kalasi yake chini ya turubai amekwisha kufanya nusu ya kazi ya psikologo, bila kujua jina lake.

Tunafika kwenye siri, neno ambalo wanaseminari wanatuuliza sana. Psikologo anashika siri ya kazi yake. Kwa direkta anasema lile tu linalofaa kumsaidia mtoto: akae mbele, apewe muda zaidi, asisomeshwe kwa sauti kubwa mbele ya wote. Hasemi baba anafanya nini usiku. Lakini siri yake ina mpaka: maisha ya mtoto yakiwa hatarini, au akiwa anaharibiwa, anapashwa kutafuta msaada kwa wenye mamlaka, naye anamwambia mtoto jambo hilo tangu mwanzo, kusudi asije akajiona amesalitiwa. Siri ya kitubio ni nyingine kabisa. Haina mpaka wowote. Kanuni 983 ya sheria ya Eklezya inakataza muungamishi kumfumbua mtubu kwa neno au kwa njia yoyote, kwa sababu yoyote. Ndiyo maana padri asichanganye viti viwili. Padri mwenye diploma ya psikolojia asimwungamishe mtoto saa mbili na kumpima saa tatu, kwani mtoto hatajua tena amesema nini wapi, na padri mwenyewe atakuwa na shida ya kujua.

Eklezya imelitunza jambo hilo hata kwa ajili ya seminari zetu. Kanuni 240 inakataza kuuliza shauri la muungamishi au la kiongozi wa roho inapoamuliwa kama fratri atapewa daraja au ataondolewa. Na mwaka 2008 Idara ya Malezi ya Kikatolika huko Roma ilitoa mashauri juu ya kutumia psikolojia katika kupokea na kulea waseminari. Inasema mtaalamu anaweza kusaidia kutambua majeraha ya moyo na kuyaponya, lakini yeye si mmoja wa walezi wa nyumba. Tena fratri achunguzwe kwa ruhusa yake mwenyewe, aliyoitoa akijua na kwa uhuru. Kanuni 220 inalinda jina jema la kila mtu na siri ya moyo wake. Basi fratri anayeogopa kwamba atavunjwa moyo kama mlango wa mwizi anaweza kutulia. Lakini yule anayeficha huzuni ya miaka mingi, akidhani daraja takatifu litaiponya peke yake, afadhali aseme mapema. Parokia si mahali pepesi pa kubeba mzigo wa namna hiyo.

Wengine watatuambia: maneno mazuri, lakini katika shule yetu hakuna psikologo, wala hata chaki haitoshi. Ni kweli. Lakini mengi ya hayo mwalimu na katekista wanaweza kuyafanya bila diploma. Simama nyuma ya mtoto hatua tatu, taja jina la kitu kwa sauti ya chini, umwambie alirudilie: utajua kama masikio yake ni mazuri. Mwulize asome ubao kutoka nyuma, kisha kutoka mbele. Uwe na daftari moja, na kwa kila mtoto anayeshindwa uandike mambo unayoyaona, si hukumu: usiandike «mvivu», andika «hakuleta kazi ya nyumbani siku nne, anakuja bila kula, anahesabu vizuri sokoni lakini si katika daftari». Mtoto anayehesabu chenji ya mama yake bila kukosa hata franka moja hana upungufu wa hesabu, ana shida na karatasi. Daftari hilo, siku mganga au psikologo anapopita, lina thamani kuliko saa mbili za majaribio. Litunzwe katika sanduku lenye ufunguo, lisiwekwe juu ya meza ya ofisi ambapo kila mtu anapita kuomba kalamu.

Wala mtu asijitwalie kazi asiyoijua. Kusoma kitabu kimoja cha psikolojia hakumfanyi fratri kuwa psikologo, kama vile kusoma orodha ya dawa hakumfanyi mganga. Tumesikia vijana wa filozofia wakiwapa wenzao majina ya magonjwa mezani, huyu ana hili, yule ana lile. Mchezo huo unaumiza, na walezi wafanye vizuri kuukomesha. Mahali pasipo na psikologo, mratibu wa shule za dayosisi anaweza kumwomba mmoja kutoka mjini apite katika shule kadha mara mbili kwa mwaka, asikie walimu, asome madaftari yao, awaone wale watoto wachache ambao kila mtu ameshindwa nao. Gharama yake ni tiketi ya motokari na chakula cha siku tatu.